Mayai yaliyovunjika chini ya mama yao



Leo tuache kidogo mihogo na maharagi. Nataka niwasimulie historia ya ndege mmoja, ya dawa moja ya wadudu, na ya watu wenye walikuwa wanatunza maganda ya mayai ndani ya droo bila kujua yatakuja kutumika kwa kazi gani. Ilitokea Uingereza na Marekani, mbali na sisi. Lakini mwenye alikaa kwenye kozi ya fitofarmasi ataona haraka kwa nini ninaileta hapa.

Ndege mwenyewe anaitwa kozi (jina ni lile lile la kozi za chuo, lakini huyu ana kucha). Kwa Kifaransa tunamwita faucon pèlerin. Anaishi karibu dunia nzima, hata Afrika yetu, na hajengi kiota: anataga kwenye ukingo wa mwamba mrefu, juu ya udongo mtupu. Chakula chake ni ndege wengine, na sana sana njiwa. Anapanda juu kabisa, anakunja mabawa, anajitupa. Wakati anashuka, mbio yake inapita kilometa 300 kwa saa, na hakuna mnyama mwingine anayefikia hapo. Njiwa akianza kumuona, mara nyingi amekwisha kuchelewa.

Hii tabia ya kula njiwa njo ilimletea matatizo na serikali. Wakati wa vita vya pili vya dunia, marubani wa Kiingereza walikuwa wanabeba njiwa ndani ya avioni (naandika avioni kusudi tusichanganye na ndege wetu). Avioni ikianguka baharini, njiwa anaachiliwa, anarudi nyumbani na ujumbe, watu wanajua pa kutafuta. Kozi alikuwa anawakamata njiwa hao njiani. Basi kunako mwaka 1940 ikatoka amri ya kuua kozi kwenye pwani za Uingereza, na karibu 600 waliuawa. Vita ikaisha, amri ikafutwa, kiisha mwaka 1954 ikaja sheria ya kulinda ndege. Kozi wakaanza kurudi kwenye miamba yao ya zamani. Kila mtu alifikiri mambo yamenyooka.

Kunako mwaka 1960, wafugaji wa njiwa za mashindano kule kusini mwa Wales wakapeleka malalamiko serikalini. Walisema kozi wamekuwa wengi kupita kiasi, wanamaliza njiwa zao, na sheria ya kuwalinda iondolewe. Serikali, kabla ya kujibu, ikataka kwanza kujua: kozi wako wangapi? Kazi ya kuhesabu ilipewa shirika la watazamaji wa ndege, na mwenye kuisimamia alikuwa Derek Ratcliffe, mtaalamu wa idara ya serikali ya ulinzi wa mazingira. Ratcliffe alikuwa mtu wa milima. Tangu ujana wake alikuwa anapanda miamba kutazama kozi, na kila kitu alikiandika ndani ya vitabu vyake vya safari: mahali, tarehe, idadi ya mayai, watoto wangapi walitoka.

Hesabu ya mwaka 1961 na 1962 ilitoa jibu lenye hakuna aliyelitarajia. Kozi hawakuwa wameongezeka. Walikuwa wanaisha. Kusini mwa Uingereza miamba mingi ilikuwa mitupu kabisa, na kwingine uliweza kukuta ndege wawili wazima wamekaa tu, bila mtoto. Ilipofika mwaka 1963, idadi yao ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 44 ya ile ya kabla ya vita. Angalieni vile mambo yanatembea: watu walioomba kozi auawe njo waliofanya kozi ahesabiwe, na bila hesabu ile angeweza kumalizika kimya kimya huku vijiji vinaendelea kulalamika kwamba wamezidi.

Sasa kitu gani kilikuwa kinawaua? Mtuhumiwa wa kwanza alionekana wazi. Tangu mwaka 1956 wakulima wa Uingereza walikuwa wanapaka mbegu za ngano dawa mbili za nguvu, aldrini na dieldrini, kusudi wadudu wa udongo wasizile. Sisi wa kilimo tunaijua kazi hii: mbegu inavaa sumu kama koti, inaingia udongoni nayo. Lakini si mbegu zote zinafunikwa vizuri. Zile zinazobaki juu, njiwa wanaziokota. Kila majira ya kupanda, mashamba ya mashariki mwa Uingereza yalijaa ndege waliokufa, njiwa kwa mamia. Kiisha wakaanza kufa wanaokula njiwa. Wakati wa baridi ya mwaka 1959 kuingia 1960, mbweha wengi walionekana wanatembea kama walevi, hawaogopi watu, wanaanguka na kufa. Kwa Waingereza wanaopenda kuwinda mbweha, hiyo ilikuwa kelele kubwa kuliko ya ndege. Mwaka 1961 wakakubaliana kuacha dawa hizo kwa mbegu zinazopandwa majira ya kuchipua. Haikuwa sheria, ilikuwa makubaliano tu kati ya wizara, wakulima na wenye viwanda.

Wengine wangefunga dosye hapo. Ratcliffe hakuifunga, ju kulikuwa kitu kimoja ndani ya vitabu vyake ambacho dieldrini haikuweza kukieleza. Tangu mwaka 1951, yaani miaka mitano kabla ya zile dawa za mbegu, alikuwa anakuta mayai ya kozi yamevunjika ndani ya kiota. Si mtu aliyeyavunja, wala si kunguru. Alifika hata kumuona kozi anakula yai lake mwenyewe. Mwaka 1958 aliandika makala juu ya jambo hilo, na wakati ule hakuwa na jibu.

Hapa njo tunafika kwenye zile droo.

Waingereza wa zamani walikuwa na ugonjwa mmoja wa ajabu: kukusanya mayai ya ndege wa pori. Watoto wa shule, mapadri, wanajeshi, matajiri, wote. Mtu anapanda mwamba kwa kamba, anachukua mayai yote manne ya kozi, anatoboa kila yai tundu ndogo, anapuliza ute utoke, analikausha ganda, kiisha analilaza juu ya pamba ndani ya droo. Pembeni anaandika kikaratasi: tarehe, mahali, mayai mangapi. Kwa ndege ilikuwa hasara tupu, na ile sheria ya mwaka 1954 iliikataza. Mimi siwatetei. Lakini kati ya watu wote waliopita kwenye miamba ile kwa miaka mia moja, wao njo waliacha kitu chenye tarehe.

Ratcliffe alijiuliza swali jepesi: je, ganda lenyewe limebadilika? Hakuweza kuvunja mayai ya watu ili apime unene wake. Basi alitafuta njia nyingine. Alipima uzito wa ganda tupu, kiisha akaugawa kwa urefu mara upana wa yai. Yai kubwa lina ganda zito, yai dogo lina ganda jepesi, hiyo kila mtu anajua. Lakini ukigawa hivyo, ukubwa unatoka kwenye hesabu, kinabaki kiasi cha ganda kwa kila kipande cha yai. Mizani ndogo, rula ya kupimia, na uvumilivu. Hakuna mashine ya pesa nyingi. Alizunguka kwenye makumbusho na kwenye nyumba za wakusanyaji, wakiwemo wale wenye bado walikuwa wanaficha mayai ya baada ya sheria.

Matokeo aliyatoa mwaka 1967 ndani ya jarida la Nature. Mayai ya kozi ya karne ya 19, ya kabla ya vita ya kwanza, ya miaka ya 1920, ya miaka ya 1930, yote yalikuwa karibu sawa. Mstari umenyooka. Unafika mwaka 1946, bado umenyooka. Mwaka 1947 unaanguka, na haurudi. Ganda la kozi lilikuwa limepoteza karibu asilimia 19 ya uzito wake, na kipanga wa Uingereza alionyesha anguko la namna ile ile, miaka ile ile. Mama kozi ana uzito wa karibu kilo moja. Analalia mayai yake zaidi ya mwezi mmoja, anayageuza, anasimama, anakaa tena. Ganda lenye limepungua namna hiyo halivumilii. Linapasuka chini yake, na yeye, akikuta yai limevuja, analila.

Huko Marekani mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Joseph Hickey, alikuwa na fumbo la namna hiyo hiyo. Mwaka 1964 alituma watu kukagua miamba 133 ya mashariki mwa Marekani ambako kozi walijulikana zamani. Walizunguka yote. Hawakukuta hata kozi mmoja aliyetaga. Baada ya kusikia habari za Ratcliffe, Hickey na mwanafunzi wake Daniel Anderson wakaingia nao kwenye droo za makumbusho ya Marekani, wakapima mayai zaidi ya 1 700. Mwaka 1968 wakatoa jibu lao: kwa kozi na kwa ndege wengine wawindaji waliokuwa wanaporomoka, ganda lilianza kuwa jembamba mwaka 1947. Bahari nzima iko kati ya nchi hizi mbili, lakini mwaka ni ule ule.

Nini kilianza wakati huo? DDT. Paul Müller, mkemia wa kampuni ya Geigy kule Basel, aligundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa tuzo ya Nobel ya utabibu. Tusicheke tuzo hiyo. Mwanzoni mwa 1944 homa ya chawa ilizuiwa katika mji wa Naples kwa kupuliza unga wa DDT ndani ya nguo za watu, na malaria ilipungua sana katika nchi nyingi. Vita ilipoisha, dawa ya jeshi ikaanza kuuzwa kwa raia: kwa mashamba, kwa bustani, kwa ng'ombe, kwa njiwa za kufugwa zenyewe, ju njiwa nao wana chawa wao.

Kama uliwahi kufanya takwimu, mkono wako umeshainuka: vitu viwili kutokea mwaka mmoja haimaanishi kimoja kimezaa kingine. Ni kweli, na watetezi wa DDT walisema hivyo hivyo. Walisema tena kwamba mwaka 1947 ni mapema mno, dawa ilikuwa bado haijaenea kiasi cha kumfikia kozi kwenye mwamba wake. Hiyo ni hoja nzito, na ninapenda vile ilivyojibiwa. David Peakall alichukua maganda ya zamani kutoka kwenye zile zile droo, akayasuuza ndani kwa kimiminiko kinachoyeyusha mafuta, kiisha akapima kilichotoka kwenye ngozi nyembamba iliyokaukia humo. Mwaka 1974 alionyesha kwamba mayai ya kozi yaliyochukuliwa mwaka 1948 yalikuwa tayari na DDE ndani yake. DDE ni kile DDT inachogeuka ikishaingia mwilini mwa kiumbe. Mkusanyaji wa mwaka 1948 alikuwa amehifadhi ushahidi ndani ya pamba, na mwenyewe hakujua.

Jaribio nalo lilifanywa. Kwenye kituo cha utafiti wa wanyama wa pori cha Patuxent, katika jimbo la Maryland, walifuga ndege wadogo wa jamaa ya kozi, wakawalisha chakula chenye DDE kidogo. Matokeo yalitoka mwaka 1970: maganda yakawa membamba. Hapo hapakuwa tena na mambo ya bahati.

Namna inavyofanya kazi iko hivi. DDT haipendi maji, inapenda mafuta. Ikiingia mwilini inakaa ndani ya mafuta, na DDE haitoki kwa urahisi, inaweza kukaa miaka. Mdudu anabeba kidogo. Ndege mdogo anakula wadudu mamia, anabeba cha wote. Kozi anakula ndege mamia. Kila mlaji anarithi deni la aliyeliwa, na yule wa juu kabisa analipa la wote. Kiisha wakati wa kutaga, mama anatengeneza ganda kwa muda mfupi tu, kwa kalsiumu inayotoka ndani ya damu na kupita kwenye tezi ya ganda. DDE inazuia njia hiyo. Kalsiumu iko ndani ya damu, lakini haivuki vya kutosha. Yai linatoka na rangi yake nzuri, umbo lake zuri, na ganda jembamba.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, ju hapa njo roho ya haya maandishi. Kuku hafanyi hivyo. Ukimlisha kuku DDE, ganda lake karibu halibadiliki. Kware vile vile, anavumilia sana. Laboratware nyingi za wakati ule zilikuwa zinajaribu dawa kwa kuku, kwa kware, kwa panya, ju hao njo wanyama wanaofugika. Wangeweza kujaribu miaka kumi na kuandika kwa haki kabisa: hakuna tatizo.

Na tunafundishwa nini sisi? DL50. Kila mtu wa kilimo anaiandika kwenye mtihani: kiasi cha dawa kinachoua nusu ya wanyama wa majaribio. Ni kipimo kizuri kwa kujua kama dawa itamuua mkulima akiinywa kwa bahati mbaya. Kwa kipimo hicho DDT kwa ndege ilionekana dawa ya upole. Haikuwaangusha kozi watu wazima. Hakukuwa maiti chini ya mwamba, hakukuwa damu, hakukuwa kitu cha kupiga picha. Kulikuwa mama mzima, mwenye nguvu, anayewinda kama kawaida, na chini yake yai limepasuka. DL50 haina safu ya kuandika jambo kama hilo.

Wataalamu wenyewe waliendelea kubishana, na mabishano hayo yana faida. Ian Newton, aliyewafuata kipanga wa Uingereza kwa miaka mingi sana, alionyesha kwamba kule kwao idadi iliporomoka hasa baada ya 1956, wakati wa aldrini na dieldrini, zenye zinaua ndege mzima moja kwa moja. Magonjwa yalikuwa mawili, basi. DDT ilianza mapema, ikapunguza watoto. Dieldrini ikaja juu yake, ikaua wazazi. Tai wa magharibi mwa Scotland aliipata kwa njia nyingine: anakula mizoga ya kondoo, na kondoo walikuwa wanaogeshwa dieldrini. Miaka ya 1963 hadi 1965 ni asilimia 31 tu ya jozi za tai ndizo zilizofaulu kulea watoto. Dieldrini ya kondoo ikakatazwa mwaka 1966, na kwa miaka mitatu iliyofuata ikapanda kufikia asilimia 69. Kwa wale wenye wanasemaka kwamba kukataza dawa hakubadilishi kitu, hizo njo namba.

Watu wengi wanadhani mambo haya yote yako ndani ya kitabu cha Rachel Carson, Silent Spring. Carson alikitoa mwaka 1962, akafariki mwaka 1964. Alieleza vile tai wa Florida walikuwa hawapati tena watoto, lakini siri ya ganda ilifunuliwa baada yake. Marekani ilikataza DDT karibu kwa kazi zote mwaka 1972. Tom Cade, wa Chuo Kikuu cha Cornell, akaanza kufuga kozi na kuwarudisha porini kwa maelfu. Mwaka 1999 kozi aliondolewa kwenye orodha ya wanyama wa Marekani walio hatarini. Leo anataga hata kwenye madaraja na majumba marefu ya New York, na njiwa wa mjini wanamtosha.

Tuje kwetu. Mwaka 1948, yaani mwaka mmoja tu baada ya ganda la kozi kuanza kuwa jembamba kule Ulaya, wanganga wa ukoloni wa Kibelgiji walipuliza DDT kwa avioni kwenye maporomoko ya Mto Kongo hapo Léopoldville, Kinshasa ya leo. Walikuwa wanapigana na inzi mdogo mweusi anayeleta upofu wa mto. Kwa watu wa mji ilikuwa kazi ya maana, na inzi wakaisha. Maji yale yale yana samaki, na juu ya samaki kuko furukombe, yule tai wa kichwa cheupe mwenye tunamsikia analia asubuhi kando ya mito na maziwa yetu. Anakaa mahali pale pale ambapo kozi anakaa: juu kabisa ya ngazi ya walaji. Droo ya mayai yake ya miaka ile, yenye kikaratasi cha tarehe na mahali, iko wapi?

Sisemi hivyo kwa kulia tu. Droo zenye mali ya Kongo ziko. James Chapin, Mmarekani aliyetembea msitu wa Ituri, alichukua mwaka 1913 kule Avakubi unyoya mmoja kwenye kofia ya mwenyeji, akashindwa kujua ni wa ndege gani. Akautunza. Miaka 23 baadaye, mwaka 1936, ndani ya makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji, akaona ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa pembeni kwa jina la tausi wa India. Unyoya ulikuwa wa ndege hao. Hivyo njo dunia ya sayansi ilivyomjua tausi wa Kongo, ambaye watu wa msituni walimjua tangu zamani. Na Yangambi, kituo ambacho sisi wa kilimo tunakitaja kama vile wengine wanavyotaja Yerusalemu, kina hebariyamu yenye mimea iliyokaushwa tangu wakati wa INEAC, na vikaratasi vyake viko. Kwa mimea basi tunayo kumbukumbu ya zamani. Kwa sumu iliyoingia ndani ya wanyama wetu, kumbukumbu hiyo itabidi tuianzishe sisi.

Jirani zetu wa kusini wametuonyesha vile inafanyika. Zimbabwe ilipuliza DDT kwa miaka mingi dhidi ya inzi wa tsetse, na watafiti walipopima mayai ya furukombe wa Ziwa Kariba walikuta DDE na maganda yaliyopungua unene. Afrika basi haina kinga ya pekee. Na DDT haijafa: mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unaruhusu bado itumike kwa kuua mbu wa malaria, kwa kupuliza kuta za nyumba. Mimi ninakubaliana na ruhusa hiyo. Mtoto mwenye malaria hawezi kungoja tumalize memware zetu. Lakini dawa ya ukuta inatoka ndani ya gunia, na gunia linaweza kutembea mpaka kwenye shamba la nyanya.

Mwenye anakwenda sokoni ameona. Dawa ya wadudu inauzwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, bila jina, bila tarehe, muuzaji anapima kwa kifuniko. Ukimuuliza ni dawa gani, anakujibu: ya wadudu. Anasema kweli. Mkulima anataka kujua tu kama inaua, na hapo hapo anaona wadudu wameanguka, anarudi kununua. Kati ya dawa zinazozunguka hivyo kuko zenye zinaua mara moja, na kuko zenye hazionyeshi kitu leo wala kesho. Hizi za pili njo zinanisumbua, ju hakuna mtu atakayekuja kulalamika. Wafugaji wa njiwa wa Wales angalau walilalamika, hata kama walikosea sababu.

Kati yenu kuko wenye wanatafuta somo la memware mwaka huu, na kila mwaka ninaona vichwa vile vile: mavuno ya mahindi kwa mbolea hii na ile. Kando ya Kivu, Tanganyika, Mweru na mito yetu kuko viota vya furukombe vyenye wavuvi wanavijua mti kwa mti. Tusiguse yai zima, hiyo ni kosa na si lazima. Lakini chini ya mti, watoto wakisharuka, kunabakiaka vipande vya ganda, na yai lenye halikutotolewa linaweza kuachwa na mama yake. Kipande cha ganda kinapimwa unene kwa mikrometa, chombo chenye fundi wa garage anacho. Ganda zima likipatikana, hesabu ya Ratcliffe inataka mizani na rula tu. Funika kwa pamba, weka ndani ya kikopo kigumu. Kwenye kikaratasi andika mahali, tarehe, na dawa gani zinapulizwa kwenye mashamba ya karibu, kama mtu anajua majina yake. Tumia kalamu ya risasi, ju kwa unyevunyevu wetu wino haukai.